Katuni za Zamani: Nani Alizichora, Nani Anazirusha?

Aliyekua akitazama Tom na Jerry kwenye Cartoon Network anaweza kuamini kwamba paka na panya wale ni wa kituo hicho. Sivyo. Walizaliwa 1940 katika studio ya MGM huko Culver City, California, mikononi mwa William Hanna na Joseph Barbera, wakichangamsha watu sinemani kwa dakika saba hivi kabla ya filamu kubwa. Mwaka 1986 Ted Turner, tajiri wa televisheni wa Marekani, aliinunua MGM, na hata alipoiuza tena, maktaba ya filamu alibaki nayo. Kampuni yake ilipofungua Cartoon Network Oktoba 1992, maktaba hiyo ndiyo iliyojaza ratiba.

Wapenzi wengi wa katuni hizi hulaumu biashara ya namna hii. Wanasema studio zingebaki na kazi zao, zingezitunza vizuri zaidi.

Wana sababu. Mwaka 1956 studio ya Warner Bros. iliiuzia a.a.p., kampuni iliyosambaza filamu kwa vituo vya televisheni, filamu zake za zamani kwa dola milioni 21, zikiwemo katuni za rangi zilizotoka kabla ya Agosti 1948. Bugs Bunny, sungura maarufu wa Warner, akagawanywa: huyo huyo sungura, waongozaji wale wale, lakini kwa miongo kadhaa katuni za upande mmoja wa tarehe hiyo zilikuwa na mwenye mali wake, na za upande wa pili zilikuwa na mwingine. Yaliyompata Popeye, yule baharia mla mchicha, yananiuma zaidi. Katuni zake za mwanzo zilitengenezwa New York na ndugu Max na Dave Fleischer, zikasambazwa na Paramount. Zilipouzwa kwa a.a.p. ili zirushwe kwenye televisheni, mlima wa Paramount uliofungua kila katuni ulikatwa, pakawekwa nembo ya mnunuzi. Betty Boop naye, msichana wa katuni za ndugu hao hao, chini ya mnunuzi mwingine, alifutiwa jina la Paramount kila lilipoonekana. Watoto waliozitazama baada ya hapo hawakuwa na njia ya kujua zilitoka wapi.

Hata hivyo, siamini kwamba zingekuwa salama kama zingebaki nyumbani. Warner yenyewe, ilipozirudisha katuni zake sinemani miaka ya 1940 chini ya jina la Blue Ribbon, ilikata mwanzo wake, na majina ya waongozaji na wachoraji yakaenda na kipande hicho. Mwaka 1968 kampuni hiyo, wakati huo ikiitwa Warner Bros.-Seven Arts, ilituma katuni zake za rangi nyeusi na nyeupe Korea Kusini zichorwe upya kwa mkono ili zipate rangi. Ukiweka nakala mbili sambamba unaona hasara: mwendo uliokuwa laini umekuwa wa kushtukashtuka, na mistari ya uso imepotea. Hilo halikufanywa na mlanguzi wa nje.

Tusisahau pia kwamba sinema zilikuwa zinaziacha. MGM ilifunga studio yake ya katuni 1957, baada ya kuona kwamba kurudia za zamani kunaingiza karibu fedha ile ile ya kutengeneza mpya. Bila wanunuzi wa haki za televisheni, nyingi zingelala ghalani, na vizazi vilivyofuata visingemjua Popeye kabisa.

Kwa hiyo lawama yangu haiendi kwenye mauzo. Inakwenda kwenye mikataba iliyoruhusu jina la mtengenezaji likatwe kama kitambaa kilichozidi.

Suala hili bado ni bichi. Tangu kampuni ya Turner ilipoungana na Time Warner, mmiliki wa Warner Bros., mwaka 1996, katuni za Warner na za MGM ya zamani ziko chini ya paa moja, jambo ambalo walalamikaji walilitamani. Lakini Machi 2025 mwenye mali huyo aliziondoa Looney Tunes za zamani, yaani katuni za Warner za akina Bugs Bunny, kwenye jukwaa lake la kutazamia mtandaoni, wakati huo likiitwa Max. Wakati huo huo MeTV Toons, kituo cha Marekani kilichofunguliwa Juni 2024 na kampuni ya Weigel kwa ushirikiano na Warner, kinazirusha kila siku. Aliyezaa ameziweka kando, aliyekodi anazionyesha.

Ndiyo maana ningependa kila leseni ya kurusha katuni hizi iwe na sharti moja: nakala itolewe na utangulizi wake wa asili, wenye studio, mwongozaji na wachoraji, na kituo kisiukate ili kupata nafasi ya tangazo. Pale utangulizi ulipopotea, majina yaandikwe upya kabla ya picha ya kwanza.