Shule shikizi: darasa limefika, mwalimu bado

Mtoto wa miaka sita akitembea kilomita nane asubuhi, anafika shuleni amechoka, na saa nne analalia dawati. Ndiyo maana vitongoji vingi vya wafugaji na wakulima nchini Tanzania vimejijengea shule shikizi: vyumba viwili vitatu chini ya uangalizi wa shule mama, mtoto aanzie hapo, miguu ikikomaa aende shule mama.

Wanaozipinga wana hoja nzito. Ukiigawa shule, walimu hawaongezeki. Kwa hiyo wazazi humtafuta kijana aliyemaliza kidato cha nne, kila kaya ikamchangia mahindi na shilingi chache, naye hufundisha mpaka apate kazi kwingine. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, lakini hapa mzazi bado ndiye anayemlipa mwalimu. Bora, wanasema, shule moja kubwa yenye bweni.

Bweni kwa mtoto wa darasa la kwanza? Hapo siwaungi mkono. Niliwahi kukaa katika darasa moja la shikizi mkoani Manyara: kuta za miti na udongo, watoto juu ya magogo, chaki ya mwalimu imebaki kama punje ya hindi. Walikuwa wakiimba silabi kwa sauti moja. Mama mmoja aliniambia kifungua mimba wake alianza shule akiwa na miaka kumi, kwa kuwa korongo la njiani hujaa maji kila masika. Mdogo wake ana saba, na tayari anamsomea bibi yake maandishi ya kwenye mfuko wa mbegu. Mabweni hayo yangemfaa yule wa miaka kumi. Huyu wa saba alihitaji darasa hapo kitongojini.

Serikali nayo imezikubali. Mkopo wa UVIKO-19 wa mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, sehemu yake ilitengwa kujenga madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Lakini tofali halifundishi. Kinachozidhoofisha shule hizi ni kusubiri usajili kamili ndipo wafikiriwe walimu wa ajira, na mwalimu mgeni akipangwa hana pa kulala. Mimi ningeanza na mwalimu na nyumba yake, hata kama darasa litabaki la udongo mwaka mwingine.

Siku naondoka pale kitongojini, tanuru la tofali lilikuwa linafuka moshi. Nilidhani ni za darasa. Zilikuwa za nyumba ya mwalimu.