Kochi Jekundu na Maji ya Bamvua

Mimi ni mtu wa Dodoma, na hadi nilipovuka kwenda Unguja kusoma stashahada ya utangazaji nilikuwa nimeiona bahari kwenye kalenda tu. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu kila ninapomsimulia mtu wa pwani kisa hiki hunikatiza kabla sijafika mbali na kuniuliza, "Kwani hukutazama mwezi?" Sikutazama mwezi. Nilitazama jedwali.

Katika mwaka wa mwisho kila kikundi cha wanafunzi kilitakiwa kumtafuta msanii na kuitangaza albamu yake kwa vitu vitatu: video ya wimbo mmoja, kava la albamu na bango la uzinduzi. Kikundi chetu kilikuwa na watu watano, na msanii hatukuhangaika kumtafuta, kwani mmoja wetu alikuwa amekwisha kurekodi nyimbo sita zilizochanganya zenji flava, yaani muziki wa kizazi kipya wa Zanzibar, na kidumbak, muziki wa asili wa Unguja wa ngoma ndogo mbili, naye alizihifadhi kwenye flashi aliyoivaa shingoni kama hirizi. Wimbo tuliouchagua ulimhusu mwanamume anayemngoja mpenzi wake bila kukata tamaa. Mimi nilipewa uratibu, kwanza kwa sababu kompyuta yangu haikuwa ikizimika ovyo, na pili kwa sababu nilikuwa nimejisifu mara nyingi kwamba watu wa bara tunajua kupanga mambo.

Wazo la kochi lilikuwa langu. Nilitaka mwimbaji aonekane ameketi peke yake kwenye kochi jekundu katikati ya bahari iliyokupwa, mchanga mweupe umemzunguka pande zote, akimngoja huyo mpenzi asiyefika. Wakati ule niliamini kwa dhati kwamba wazo la kochi jangwani au ufukweni halijapata kumjia mpigapicha yeyote duniani. Mpigapicha wetu alilipamba zaidi: tungepiga kwa fremu 50 kwa sekunde na kuonyesha kwa fremu 25, ili kila kitu kiende taratibu, mawingu, kanzu, hata kupepesa kwa macho. Ila kwa kuwa picha ingepunguzwa mwendo nusu kwa nusu, wimbo ulipaswa kupigwa kwenye spika kwa kasi mara mbili wakati wa kurekodi, na mwimbaji aufuate kwa midomo kwa kasi hiyo hiyo, vinginevyo midomo na sauti visingekutana kamwe. Mwimbaji alijizoeza kwa wiki mbili bwenini, na jirani zake waliacha kumsalimu.

Kochi lilikuwa la Bi Mkubwa, mama mwenye nyumba niliyopanga chumba. Lilikuwa la mahameli, lenye miguu iliyochongwa, na halikuwa likikaliwa ila na wageni wa posa. Kulipata kulinigharimu siku kumi za kuteka maji, kwenda sokoni na kusikiliza historia ya kochi lenyewe, na mwishoni aliniandikisha kwenye karatasi ya daftari kwamba litarudi kama lilivyotoka. "Mwanangu," aliniambia, "nakuamini wewe kwa sababu unaandika andika sana."

Niliandika sana kweli. Mhadhiri wetu alitupatia kiolezo cha ratiba kilichotungwa kwa Kiingereza, akaagiza tukiwasilishe kwa Kiswahili fasaha, nami niliifanya kazi hiyo kwa siku mbili na kwa moyo wangu wote. Nilibishana na nafsi yangu kati ya "mwongozaji" na "mwelekezi", nikafungua kamusi kutafuta jina stahiki la mtu anayeshika kile kibao cha kugonganisha, nikaweka nukta na mikato pale panapostahili. Safu ya muda niliipa kichwa cha habari kifupi na kizuri: "Saa". Chini yake tarakimu 10:00 ilikuwa imekwisha kukaa tangu kwenye kiolezo, kwa kuwa ndiyo saa tuliyokubaliana na mhadhiri kwa hesabu za Kizungu, nami sikuona sababu ya kuisumbua. Tarakimu, nilijiambia, hazitafsiriwi. Hivyo ndivyo ratiba yangu ilivyotoka ikisomeka "Saa 10:00", nikaitolea nakala sita, nikampelekea kila mwanakikundi, mtunza ghala la vifaa chuoni na sheha, yaani kiongozi wa serikali, wa shehia tuliyokwenda kupigia picha.

Mahali penyewe palikuwa Jambiani, upande wa mashariki wa kisiwa. Nilikuwa nimekwenda kupakagua wiki mbili kabla, Jumamosi, saa nne asubuhi, nikakuta bahari imeondoka kabisa. Mchanga ulikuwa mgumu, unaweza kuutembea hadi karibu na mwamba ambako mawimbi yalionekana kama uzi mweupe, na katikati walikuwapo akina mama wakishughulikia mwani wao kwenye safu za vijiti na kamba. Nilipiga picha, nikahesabu hatua, nikaweka alama kwenye ramani. Sikujua kwamba nimeikuta bahari katika bamvua, yale maji ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine, wala kwamba kuichagua Jumamosi ya wiki mbili baadaye, kwa sababu tu ndiyo siku kochi lingepatikana, kulinirudisha katika bamvua nyingine yenye saa zile zile za kujaa na kupwa. Mtu wa pwani angepiga hesabu hiyo kwa vidole. Mimi niliipata kwa bahati, nikaiharibu kwa tarakimu.

Sheha aliipokea ratiba kwa heshima, akavaa miwani, akaisoma yote, kisha akainua kichwa.

"Saa kumi hiyo, mna chombo?"

Nilifurahi kwamba mzee anajali mambo ya utaalamu. Nilimjibu kwamba vyombo tunavyo vyote, tumevikodi chuoni, tena vimekatiwa bima. Sheha akanitazama kidogo, akasema, "Basi hapana tabu," akagonga muhuri. Nilipokuwa nikitoka sikuwa nimesikia hata kidogo kwamba alisema saa kumi. Masikio yangu yalikuwa yamejaa muhuri.

Siku ya kazi nilifika Jambiani saa tatu na nusu na pikapu ya kukodi, nikawalipa vijana wanne shilingi elfu kumi wakalibeba kochi hatua mia tatu kutoka ufukweni na kuliweka pale pale nilipoweka alama. Kisha vijana wakaenda kucheza mpira, pikapu ikarudi mjini, nami nikaketi kwenye kochi kuwangoja wenzangu. Mandhari yalikuwa kama nilivyoyaota. Ilipofika saa nne kamili nilisimama na kuangalia barabarani. Saa nne na robo nikaketi tena.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amefika kabla yangu, na hilo nililijua siku ya pili. Mpiga kidumbak wetu, mwenyeji wa Makunduchi na mtu mwaminifu kuliko wote, aliisoma ratiba, akaona haikutaja alfajiri wala alasiri, akakumbuka kwamba wapigapicha hupenda mwanga wa macheo, akafika ufukweni saa kumi za alfajiri akiwa na ngoma zake mbili begani. Alikuta giza na maji yamejaa hadi kwenye minazi. Aliswali alfajiri msikitini, akangoja hadi saa moja, kisha akarudi kwao, akazima simu na kuapa kutofanya kazi tena na wasomi.

Nilianza kupiga simu saa nne na nusu. Mwimbaji hakupokea, alikuwa usingizini, akiipumzisha sauti. Mpigapicha alipokea saa tano na nusu, nyuma yake nikisikia sauti za watu wa soko la Darajani.

"Mko wapi?" niliuliza.

"Nanunua betri. Mbona una haraka hivyo? Si saa kumi?"

"Ndiyo, saa kumi! Sasa ni saa tano na nusu!"

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, na katika kimya hicho nililisikia neno nililolitamka mwenyewe kwa kinywa changu. Mtu anaweza kuishi na kosa kwa wiki mbili bila kuliona, kisha likamtokea lote kwa pamoja, miguu hadi kichwa, akiwa ameketi kwenye kochi la mahameli baharini. Mpigapicha aliahidi kukimbia, lakini kamera ilikuwa ghalani, na mtunza ghala, ambaye naye alikuwa na nakala yake ya ratiba iliyopigwa chapa vizuri, alikuwa amejipangia kulifungua saa saba.

Ilipokaribia saa sita akina mama wa mwani walianza kurudi pwani na magunia yao kichwani. Mmoja wao, mtu mzima, alisimama mbele yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akilitazama kochi kuliko anavyonitazama mimi.

"Mwanangu, wangojani hapa?"

"Nawangoja wenzangu, bibi. Wanakuja na daladala."

"Hawana chombo?"

Hapo ndipo nilipogeuka na kuona kwamba kati yangu na ufukwe, mahali nilipopita kwa viatu vikavu, palikuwa na mfereji wa maji. Bahari haikuja kutoka mbele, ambako nilikuwa nikiilinda kwa macho. Ilinizunguka na kupita nyuma, kwenye bonde la mchanga, kama mdai anayeijua nyumba vizuri. Bibi aliniambia nitoke. Nilimweleza kwamba nimeandikishwa. Akauliza nimeandikishwa na nani, na nilipomtajia mwenye kochi akacheka hadi gunia likateleza, akisema kwamba mwenye kochi mwenyewe akiwepo angekwisha kuwa chini ya mnazi zamani.

Nilijaribu kulivuta. Kochi la mahameli likishalowa halivutiki, na mimi kuogelea sijui. Saa saba maji yalinifika magotini, na saa nane yalipokaribia kiuno kochi lilifanya jambo ambalo sikulitarajia: lilijinyanyua taratibu na kuanza kuelea, mgongo juu na miguu iliyochongwa ikiwa chini, likielekea Makunduchi. Nililishika mkono kama mtu anayemsihi shemeji asiondoke kwa hasira. Kwa bahati yule bibi alikuwa amemwita mwanawe, ambaye alikuja na ngalawa, akalifunga kochi kwa kamba ya nanga na kutuvuta sote wawili hadi karibu na ufukwe, likagota kwenye mchanga maji yakiwa ya mapaja. Alinidai elfu ishirini na tano. Nilipomwambia ni ghali aliniuliza kama ningependa alirudishe alikolikuta.

Wenzangu waliteremka kwenye gari saa tisa na dakika kumi. Mwimbaji alikuwa amevaa kanzu nyeupe na koti la kuazima. Mimi nilitaka tuahirishe, lakini mpigapicha, ambaye alikuwa amelipa nauli za watu wote, alinipa hoja ambayo hadi leo sijaweza kuijibu: "Kochi limekwisha kulowa. Halilowi mara ya pili." Basi spika ikawekwa ndani ya ngalawa, kamera ikafungwa kwenye miguu yake mitatu ndani ya maji, mwimbaji akabebwa mgongoni kama bwana harusi na kuketishwa. Agizo langu kwake, la mwisho nililolitoa nikiwa mratibu, lilikuwa kwamba asiache kuimba hata itokee nini.

Wimbo ukaanza kwa kasi mara mbili. Sauti ile ya huzuni tuliyoijua ikawa sauti ya vifaranga waliomwona mwewe, na mwimbaji akawa anatafuna maneno ya subira na mapenzi ya kudumu kwa haraka ya ajabu. Ufukweni kulikuwa kumekwisha kukusanyika nusu ya kijiji, sheha akiwa mbele ameketi kwenye kiti chake kwa kuwa yeye alifika saa kumi kamili kama alivyoalikwa. Nilimsikia mama mmoja akiuliza, "Huyu anaimba au anafukuzwa?"

Katika ubeti wa pili maji yakalinyanyua kochi tena, safari hii upande mmoja. Mwimbaji akainama kushoto. Aliendelea kuimba. Kochi likazunguka nusu, miguu ya nyuma ikatitia, na yeye akaanza kwenda chini, kiuno, kifua, flashi ya shingoni, kidevu, midomo ikikimbia bila kukosa neno hata moja, hadi kiitikio cha mwisho alichokiimbia majini. Tendo zima lilichukua sekunde 20. Tulimtoa akiwa anatema maji na kuuliza kama midomo ilikwenda sawa.

Ilikwenda sawa kabisa. Katika video iliyokamilika kuzama huko kunachukua sekunde 40, na mwimbaji anashuka kwa utulivu na heshima zote, kama waziri anayekalishwa kitini, macho yake yakiitazama kamera bila lawama. Mhadhiri aliliita wazo hilo la kijasiri, akasema kwamba mpenzi asiyefika na bahari inayofika ni taswira nzito, akatupa alama nyingi. Mimi kwa upande wa ratiba nilipata sufuri. Alikuwa ameizungushia "Saa 10:00" duara la wino mwekundu na kuandika pembeni: "Za nani?"

Bi Mkubwa hakupiga kelele, na hilo liliniumiza zaidi. Kochi lilianikwa uani wiki tatu, likatoa chumvi, kisha likatoa kaa mdogo mbele ya wageni wa posa ya mjukuu wake, mmoja wao akiwa mjomba wa bwana harusi. Kulivisha kitambaa kipya kulifika shilingi laki moja na elfu themanini, ambazo nililipa kwa mafungu hadi nilipohitimu, na mahameli jekundu halikupatikana. Sasa ni la kijani.

Lilibaki bango la uzinduzi. Picha hatukubishania: kochi, kanzu, maji kidevuni. Ilipofika zamu ya kuandika saa ya kuanza, wenzangu wote wanne walinigeukia, kisha kwa pamoja wakaisogeza kompyuta mbele ya mpiga kidumbak, ambaye tulikuwa tumembembeleza wiki nzima kurudi. Aliandika bila tarakimu hata moja: "Baada ya sala ya isha." Ukumbi ulijaa kwa wakati. Bi Mkubwa naye alialikwa, na jioni ile nilipomgongea kumuuliza isha huisha saa ngapi hasa, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaniambia nikae hapo hapo kibarazani nimngoje, tutafuatana, na nisiandike kitu.