Msiniambie tena habari za wito

Siku tulipomzika mkunga mwenzangu, aliyetoa salamu za rambirambi kwa niaba ya mwajiri alisema, "Amefariki akitimiza wito wake." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa wauguzi na sare yangu nyeupe, nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo msibani. Kesho yake nikaingia zamu. Ratiba ya mwezi iko palepale ukutani, pembeni ya mlango wa leba. Jina lake limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na zamu zake saba za usiku zilizobaki tumeshagawiwa sisi, kwa penseli. Tatu zilikuwa zangu.

Alikuwa na miaka 27. Kina mama walimwita Sista Mdogo, kwa kuwa mimi nilikuwa tayari Sista Mkubwa, naye aliniita dada tangu siku ya kwanza aliporipoti na begi lake moja. Fetoskopu yetu, ile ya kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, ni ya chuma, na usiku wa mwezi wa sita chuma kile kinauma. Hakuwahi kumwekea mama tumboni kabla hajakishika kwa viganja viwili kikapata joto. Akishayapata mapigo ya mtoto, sikio likiwa bado pale pale, alikuwa anayagonga kwa kidole kwenye mkono wa mama, tu-tu-tu-tu, ili mama naye ayafuate. Hakuna chuo kinachofundisha hivyo. Nimemwona mwanamke aliyekuja analia anataka kurudi kwao akanyamaza kabisa, anahesabu.

Kuna usiku mmoja umeme umekatika, mama wa uzao wa sita amejifungua salama, akaanza kuvuja damu. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 alishachomwa ndani ya dakika ya kwanza kama inavyotakiwa, kondo limetoka zima, lakini mfuko wa uzazi umegoma kukaza. Tukapiga 115, namba ya usafiri wa dharura wa kina mama, gari la m-mama likaja. Mdogo wangu yule akapanda nyuma na mgonjwa, ngumi moja ndani, kiganja kingine juu ya tumbo, akaubana ule mfuko njia nzima, kwenye makorongo na mavumbi, mpaka hospitali ya wilaya. Hakuachia. Alirudi alfajiri mikono inatetemeka, akashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Nilimshikia kikombe akanywa kama mtoto. Kisha akaosha mikono, akarudi wodini kumalizia ripoti ya zamu.

Yule mama alikuja msibani, mwanawe akiwa mgongoni.

Nimeisimulia hadithi ya usiku ule mara nyingi kama sifa. Siku hizi nikiikumbuka najiuliza kwa nini alirudi kumalizia ripoti. Jibu nalijua: nilikuwa peke yangu, na vitandani walikuwapo wanawake watatu wenye uchungu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hapa Tanzania, inataka mfanyakazi apate angalau saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Mimi nimeshapoteza hesabu ya siku alizotoka asubuhi akaitwa tena mchana. Akiitwa anakuja. Asipokuja, anaambiwa hana wito.

Sikatai kwamba mengi yamefanyika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta vifo 556 vya kina mama vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakuta 104. Waliojenga vituo na kuleta magari wapewe haki yao, nami naisema bila kinyongo. Lakini naomba mtu akiitaja ile 104 jukwaani aikumbuke na ile ngumi kwenye barabara ya vumbi.

Habari za posho na nyumba za watumishi sizigusi leo, zimeshasemwa. Leo nina jambo moja.

Wiki yake ya mwisho alilalamika kichwa. Alikuwa ametoka usiku wa tatu, ameegemea meza ya dawa amefumba macho, akasema, "Dada, kichwa hiki kinanipasua." Nikafungua mkoba wangu nikampa panadol mbili. Ni mimi niliyempa. Mjamzito akiniambia maneno yaleyale simwachi aondoke: namkalisha, nampima presha, napima mkojo kuona protini, maana tunajua kichwa kinachouma hivyo kinaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba. Kliniki tunawaimbia kina mama dalili za hatari mpaka wanazijua kwa moyo. Mashine ya presha ilikuwa mezani, karibu na kiwiko chake. Hakuna aliyeinyooshea mkono, si yeye wala mimi. Siku mbili baadaye alilala mchana nyumbani kwake na hakuamka. Daktari alisema ni presha, damu imevujia kwenye ubongo. Mungu anisamehe.

Ndiyo maana nasema neno wito linatuua. Ukishalivaa, mwili wako unakuwa kama si wa kuhesabiwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya zao. Tangu nianze kazi pale sijaitwa hata mara moja. Wenzangu nimewauliza mmoja mmoja, nao hawajaitwa. Tarehe 5 Mei, Siku ya Wakunga Duniani, tutapewa fulana na keki. Mimi naomba ile mashine ya presha itupime na sisi wenyewe, na mtu wa nne kwenye ratiba.

Wiki iliyopita nilianza bila kusubiri ruhusa. Wakati wa kukabidhiana zamu, saa 1 na nusu jioni, nikamwambia mwenzangu anayeingia usiku, "Kaa hapo, kunja mkono." Akacheka, akasema dada umeanza. Nikamfunga mkanda. Ikasoma 164 kwa 102. Nikarudia mkono wa pili, ni ileile. Nikampeleka mwenyewe kwa daktari, akaanzishiwa dawa, akaamriwa kwenda nyumbani kulala.

Leba ilikuwa na wanawake wawili, mmoja njia imefunguka sentimita 8. Nilimpigia mfawidhi, mkuu wa kituo, simu kuuliza nani atakuja. Hakukuwa na mtu. Nikavaa aproni upya, nikaichukua ile fetoskopu, nikaipasha moto mikononi, nikaanza zamu yangu ya pili.