Cannavaro si kitambaa tu

Mshambuliaji akifunga, bao lake linazunguka kwenye simu za watu miaka na miaka. Beki anaweza kuokoa mechi nzima, kesho yake akakumbukwa kwa penalti aliyosababisha. Fabio Cannavaro wa Italia alibahatika: mwaka 2006 alinyanyua Kombe la Dunia, akapewa na Ballon d'Or. Wetu, Nadir Haroub, beki wa Yanga na Zanzibar, aliishia kupewa jina la utani la Cannavaro.

Huku Unguja akitajwa barazani, haichukui muda mtu atafika Januari 2016, pale kocha Mkwasa alipompa Mbwana Samatta kitambaa cha unahodha wa Taifa Stars na Cannavaro akaamua kuachana na timu ya taifa. Wapo waliosema ana hasira. Samatta alistahili, ndiyo kwanza ametoka kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Na Cannavaro alikuwa na haki ya kuudhika. Yote mawili ni kweli, basi tusonge mbele.

Mimi nikimtaja naanza na Machi 1, 2014. Yanga wako Dar es Salaam na Al Ahly, mabingwa wa Afrika. Mafowadi wamehangaika weee, hakuna kitu. Zimebaki kama dakika nane, kona inapigwa, beki kutoka Zanzibar anapanda na kufunga kwa kichwa. Moja bila! Marudiano kule Misri yakaishia kwenye penalti, Yanga wakatolewa, na bao lile likazikwa pamoja na matokeo.

Halafu kuna Zanzibar Heroes, timu yetu ya Zanzibar, na hapa ndipo ninapoona tunamdhulumu zaidi. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, kwa hiyo kufuzu Kombe la Dunia alikuwa akivaa jezi ya Tanzania, na ikifika Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati anavaa yetu. Mwaka 2012 mjini Kampala alituongoza kutafuta nafasi ya tatu dhidi ya Bara, yaani anawakaba watu anaocheza nao Yanga na Taifa Stars. Sare 1-1, penalti 6-5, tukashinda. Hebu muulize kijana wa leo pale uwanja wa Amaan kama anaijua mechi hiyo.

Alipostaafu, Yanga walimpa umeneja wa timu. Vizuri, lakini ningekuwa na sauti ZFF, shirikisho la soka la Zanzibar, ningemwomba awafundishe mabeki chipukizi wa Unguja na Pemba namna ya kusimama kwenye kona, maana mabao ya vichwa tunayofungwa siku hizi yanatia aibu.