Si Bodaboda, Jamani

Ukiamua kufufua pikipiki ya zamani jijini Dar, jiandae kuulizwa "Mbagala shilingi ngapi?" na watu wenye akili zao timamu.

Yangu ni Honda CG125, ile ya mwanzo mwanzo. Honda walianza kuzitoa mwaka 1976, wakazilenga makusudi nchi kama zetu: cheni imefunikwa kotekote isile vumbi, injini haina cheni ya taimingi, vali zinasukumwa na fito, hata asiyekumbuka kumwaga oili asiiue upesi. Mjapani alifikiria kila kitu isipokuwa kuku. Nilipokwenda kuichukua uani kwa bwana shamba mstaafu kule Tandika, tetea alikuwa anaatamia juu ya siti, mzee akanisihi nisubiri vifaranga watotolewe. Nikasubiri. Pikipiki yangu ilikuwa kwenye likizo ya uzazi.

Fundi wangu wa Gerezani ana mikono, sikatai. Ila kwake kuna kipya na kuna mkweche, katikati hakuna kitu. Aliifungua injini, akaikodolea macho, akatoa hukumu: "Bosi, hawa Honda wamemuiga Mchina." Nikamweleza taratibu kwamba ni kinyume chake, Wachina ndio walioichukua injini ya CG wakaizalisha mpaka basi, ndiyo maana spea zao nyingi zinaiingia. Akanitazama kwa huruma. "Sawa mzee," akasema, akaomba hela ya gasketi.

Umeme wake ni volti 6. Hebu nenda Kariakoo ukaulizie betri ya pikipiki ya volti 6! Duka la kwanza walinipa ya kigari cha kuchezea mtoto. Volti 6 kweli, siwezi kuwashitaki. Fundi akaona namchelewesha, akafunga ya 12. Balbu ikatoa mwanga ambao sijauona tangu nizaliwe, kwa muda wa kupiga chafya, ikafa.

Tangi nalo kutu tupu, unajua hii chumvi ya pwani haina adabu. Vijana wa gereji wakatia kokoto na siki, wakalitikisa kwa zamu siku nzima. Siki ilitoka nyumbani. Mama watoto mpaka leo anaitafuta.

Nikirudi jioni nakuta fundi amefunga keria. Namwambia toa, nataka iwe kama ilivyotoka kiwandani. Kesho yake nakuta siti ndefu ya mishikaki na madigadi imeandikwa "Riziki Haina Fundi". Namwambia toa! Akaweka spana chini, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sasa mzee, hesabu kwa siku itakuwa shilingi ngapi?"

Ilipowaka, nikaizungusha mtaani, nikaegesha chini ya mwembe injini ipoe. Kumbe kijiwe cha watu. Mwenyekiti akaja na daftari: nani kakuruhusu kupaki bila kiingilio? Nikajieleza mpaka koo likakauka, kwamba mimi ni mtumishi wa ofisini, hii ni ya kumbukumbu. Wakati huo huo mama mmoja mwenye furushi la mchicha ameshapanda nyuma, anasema Buguruni. Nikalipa kiingilio yaishe. Wameniingiza kwenye grupu lao la wasapu, na jana wamenichagua mweka hazina kwa kura zote, kwa sababu, wanasema, mwenye chombo kama kile hata akitoroka na hela hafiki mbali.