Bánh bèo na kishimo chake

Jamani, kuna vyakula vina madaha. Bánh bèo ya Huế, huko Vietnam ya kati, ukiichunguza ni kijikeki cha mvuke cha unga wa mchele na maji. Basi. Lakini mwenyewe hakubali kukaa sahani moja na mwenzake: kila kimoja na kisosi chake, na mpishi atafute visosi ishirini na kitu. Huế walikaa wafalme wa ukoo wa Nguyễn kuanzia 1802 hadi 1945, na hisia zangu ni kwamba hao ndio waliozoesha watu tonge moja kwa chombo kimoja. Si hawakuosha vyombo wao!

Unga ni gramu 200, wa mchele wa kawaida. Pakiti ya mchele wa kunata imepangwa pembeni yake dukani, zinafanana mno, na ukibeba hiyo umepika gundi. Wanga wa muhogo gramu 30. Ukizidisha unatafuna mpira. Chumvi nusu kijiko cha chai. Koroga na maji baridi mililita 250 mpaka mabonge yaishe, kisha tia mililita 250 nyingine za moto huku mkono haupumziki. Za moto, sio zinazotokota, la sivyo unga unaivia kwenye bakuli na umejipatia uji. Liache rojo nusu saa au zaidi.

Sasa ugomvi wenyewe: kishimo. Bánh bèo ya Huế sharti ibonyee katikati, na isiyobonyea inatazamwa kwa huruma. Siri yake ni joto. Kisosi kikiwa cha moto, rojo la pembeni linashika kwanza, la katikati bado maji linashuka. Kwa hiyo visosi vitupu, vimepakwa mafuta kidogo, vitangulie kwenye mvuke dakika 5, ndipo umimine humo humo, vidole vikiungua, mpaka nusu au zaidi kidogo. Kisosi baridi, hakuna kishimo. Moto wa kubembeleza, hakuna kishimo. Rojo zito, ndiyo usahau kabisa. Na koroga kabla ya kila kumimina, maana unga unazama chini: wa kwanza watakula maji, wa mwisho watakula jiwe.

Funika dakika 5 hadi 7. Kifuniko kifunge kitambaa, kwa sababu matone yakidondoka unapata vishimo kumi usivyoviomba, na kile ulichokihangaikia hukioni. Ikiiva inageuka nyeupe isiyo na majimaji. Usiichokoe ya moto, inararuka; iache ipoe.

Umedhani umemaliza? Kamba wadogo wakavu waloweke nusu saa, watwange, uwakaushe kwenye kikaango kwa moto mdogo mpaka wawe nyuzinyuzi. Majani ya vitunguu yakate, uyamwagie mafuta ya moto. Ukiyakaanga yanapoteza ukijani. Juu wenyewe hutia ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka. Asiyekula nguruwe atie vipande vya mkate vilivyokaangwa, navyo vinakubalika. Kisha nước mắm, ule mchuzi wa samaki: vijiko 2, sukari 2, maji ya uvuguvugu 6, pilipili. Usiutie maji kwa kukisia, chumvi yake haina utani.

Watu wa Quảng Nam, kusini kidogo, waliona mbali. Wao wanapikia kwenye vibakuli na kumwagia mchuzi mzito wa kamba na nyama, kishimo kiwepo kisiwepo, hakuna kesi.

Halafu anakuja mgeni. Anazungusha kijiko, kisosi kitupu. Anavuta kingine. Kazi ya asubuhi nzima inaisha kabla chai haijapoa, na anauliza kama kuna nyingine. Visosi vimebaki na utando wa wanga, na ukikimbilia maji ya moto unazidi kuushikisha. Loweka kwenye maji baridi. Na uvihesabu kabla mgeni hajavaa viatu.