Siku ya ziada: niliyojifunza kwa miguu kule Langtang

Asubuhi ya siku ya nne niliamka kichwa kikinigonga, nikaamua kunyamaza. Tulikuwa kijiji cha Langtang, kaskazini mwa Nepal, mita 3,430 juu ya usawa wa bahari, na wenzangu wanne walikuwa tayari wanafunga mabegi. Nilijiambia ni baridi ya usiku, au moshi wa jiko, au usingizi wa mang'amung'amu. Nikakaa mezani, nikaumega mkate bila kuula, nikanywa chai nusu kikombe.

Kiongozi wetu hakuniuliza kama naumwa. Aliitazama sahani yangu, akanitazama usoni, akasema, "Didi, jana usiku ulikula nini?" Didi kwa Kinepali ni dada mkubwa, naye tulimwita dai, yaani kaka. Nikamjibu kwamba sikula sana. Akaniomba nitoke naye uani, nitembee juu ya mstari wa mawe, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine. Nilitembea vizuri, bila kuyumba. Hata hivyo akatamka kwamba leo sipandi. Wengine wangeendelea hadi Kyanjin Gompa, kijiji kinachofuata juu ya bonde, pamoja naye, mimi ningebaki na msaidizi wake.

Nilikasirika. Nilikuwa nimeweka akiba muda mrefu kwa ajili ya safari ile, na kilele nilichokuwa nakiota, Tserko Ri, kinakaribia mita 5,000. Leo nikiulizwa nilinunua nini kwa fedha zile zote, nitajibu bila kusita: nilinunua uamuzi ule wa uani. Na uamuzi ule uliwezekana kwa sababu mbili tu. Palikuwa na mtu wa pili wa kubaki nami, na palikuwa na kiongozi aliyeruhusiwa kusema hapana kwa mteja aliyelipa.

Tangu tarehe 1 Aprili 2023 Bodi ya Utalii ya Nepal imewataka wageni wanaotembea milimani kuongozana na kiongozi mwenye leseni. Nimesikia watu wakilalamika kwamba njia za Langtang zinaonekana wazi, kuna nyumba za wageni kila baada ya saa chache, kwa hiyo kiongozi ni gharama ya bure. Ni kweli kwamba njia inaonekana. Kisichoonekana ni mwili wako mwenyewe.

Hewa ya mwinuko haichagui mwenye mazoezi na asiye nayo. Kijana anayekimbia kila asubuhi anaweza kuugua, na mzee mwenye mwendo wa taratibu akapita salama. Dalili za mwanzo ni ndogo na zinafichika: kichwa kuuma, chakula kutoshuka, kichefuchefu, uchovu usiolingana na kazi uliyofanya. Zikipuuzwa na mtu akaendelea kupanda, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu au ubongo ukavimba. Hapo mgonjwa anahema hata akiwa amekaa, au anapepesuka kama mlevi na kuongea mambo yasiyoeleweka. Dawa ya kweli ni moja: kushuka, na kushuka mara moja, hata kama ni usiku. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sijui msemo mwingine unaouelezea mlima kwa usahihi zaidi.

Ushauri unaotolewa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usilale mahali palipozidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Sasa itazame ratiba yetu. Usiku wa kwanza tulilala Syabrubesi, kama mita 1,500. Wa pili tukalala Lama Hotel, mahali panapokaribia mita 2,400. Wa tatu tukawa Langtang. Yaani usiku mmoja tu ulitenganisha kitanda cha chini na kitanda kilicho juu yake kwa zaidi ya mita 1,000. Ratiba hii inauzwa kila siku, na wengi huimaliza bila shida. Lakini ndani ya basi, kabla hata hatujafika mji wa Dhunche ulio njiani kwenda Syabrubesi, kiongozi alikuwa ametushauri tuigawe siku ile, tulale Ghodatabela, pale kwenye kituo cha jeshi kinachokagua vibali, kwenye mita kama 3,000. Tulikataa wenyewe. Ingetula siku moja, nasi tulikuwa tumekwisha kukata tiketi za ndege za kurudi.

Hapo ndipo ninapoona kosa letu lilianzia, miezi kadhaa kabla ya mtu yeyote kufunga kamba za buti. Tulinunua safari kwa kuhesabu vilele badala ya kuhesabu usiku. Tulilinganisha kampuni kwa bei na kwa picha, hakuna aliyeuliza: mmoja wetu akiugua, nani anabaki naye? Kwa bahati kampuni yetu ilikuwa na msaidizi. Njiani tulikutana na kundi la watu sita lenye kiongozi mmoja peke yake. Kundi la namna hiyo likipata mgonjwa, ama wote wanashuka, ama mgonjwa anakokotwa kwenda juu na wenzake, ama anaachwa kwenye nyumba ya wageni na watu asiowajua. Yote matatu hutokea. Kwa hiyo siku hizi rafiki akinionyesha ratiba, namwomba aulize kabla ya kulipa: je, kuna msaidizi, kuna siku moja isiyo na kazi ndani ya ratiba, na kiongozi akisema hapana kampuni inamuunga mkono au inamkata malipo? Majibu yakija yakizungukazunguka, tafuta kampuni nyingine.

Na ukifika, mwambie kiongozi ukweli. Kila jioni wetu alipita mezani akiuliza mambo yale yale matatu: umekula, umelala, umekwenda haja? Mwanzoni tuliona aibu. Wengine walimjibu kwa heshima tu, "niko sawa kabisa", kama mtu anavyomjibu jirani asubuhi. Heshima ya namna hiyo haimfai. Kiongozi anaamua kwa kutumia kile unachomweleza, na ukimpa habari za uongo atakupa uamuzi usio na msingi. Nilipomweleza hatimaye kwamba kichwa kilianza kuuma tangu jioni ya jana, hakunigombeza. Alisema tu kwamba angejua jana, angenipa maji zaidi na kunizuia kwenda kutembeatembea kijijini gizani.

Neno alilolirudia kuliko yote ni bistarai, bistarai. Maana yake ni polepole, nalo hurudiwa vilevile, mara mbili, kama ilivyo kawaida yetu. Nilifurahi kulisikia. Lakini kulisema na kulifanya ni mambo mawili: mwendo wa kweli wa mlimani ni ule unaokuwezesha kuongea sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Ukishindwa kuimaliza sentensi, umekwenda haraka, hata kama kobe anakupita.

Siku ile niliyobaki sikulala. Msaidizi aliniambia nikae juani, ninywe maji kidogo kidogo, na tutembee mwendo mfupi tu. Tulikwenda kwenye ukuta wa kumbukumbu. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliipiga Nepal, na juu ya kijiji hiki barafu na mawe viliporomoka kutoka mlima Langtang Lirung, vikafunika kila kitu. Zaidi ya watu 200 walikufa hapa peke yake, wenyeji na wageni. Inasimuliwa kwamba nyumba iliyosalia ni ile iliyokuwa imejibanza chini ya mwamba. Kijiji cha leo kimejengwa upya pembeni, na njia inapita juu ya kifusi chenyewe. Jana yake nilikuwa nimepita pale nikitazama saa, nikiwaza tumebakisha kilomita ngapi. Nisingeumwa kichwa nisingesimama mbele ya majina yale. Mama mwenye nyumba tuliyolala aliniona nikirudi kimya, akaniletea supu ya kitunguu saumu bila kuagizwa, akakaa nami jikoni. Hatukuwa na lugha moja, tulikaa tu.

Ninasema hivi kwa sababu watu huiona siku ya mapumziko kama siku iliyopotea. Mimi siku hiyo ndiyo naikumbuka saa kwa saa. Siku zilizojaa kutembea zimechanganyikana kichwani, daraja la kamba likawa lile lile, msitu ukawa ule ule.

Kuna mambo madogo ya njiani ambayo ningependa mtu angeniambia mapema. Nyumbu na yaki, wale ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, wakija na mizigo, simama upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa bonde, maana mzigo mmoja ukikugusa begani unaweza kukusukuma ukaporomoka. Kuta za mawe yaliyochongwa sala, ziitwazo mani, hupitwa kwa kuziacha upande wako wa kulia. Njia karibu zote hugawanyika pale ili upite ipasavyo, na kukosea kunawaumiza wenyeji hata wasiposema. Chukua fedha taslimu za kutosha Kathmandu, kwa noti ndogondogo, kwa kuwa kuchaji simu na kuoga maji ya moto hulipiwa peke yake, na bei ya chakula hupanda kadiri njia inavyopanda. Usibishanie bei hiyo. Kila kilo ya mchele uliomo kwenye sahani yako ya dal bhat, yaani wali na dengu, imefika pale mgongoni mwa mnyama au mtu. Kata kucha za miguu kabla ya siku ya kushuka. Mimi zangu mbili ziligeuka nyeusi.

Bima nayo isomwe maandishi madogo. Bima nyingi za safari zina kikomo cha mwinuko, na ukikivuka hata kwa mita chache, gharama ya helikopta ni yako. Jambo jingine: mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza udanganyifu wa uokoaji wa helikopta, ambapo wageni wenye maumivu madogo walisukumwa kuruka ili bima ilipe. Kwa hiyo beba namba ya dharura ya bima yako kwenye karatasi, na hali ikiruhusu, wapigie wao kwanza kabla hujakubali kuruka. Ukiwa unahema umekaa, bila shaka, shuka kwa njia yoyote iliyopo.

Jambo la wapagazi linanikera kuliko yote. Kathmandu, kabla ya kuondoka, kiongozi alitundika kila begi kwenye mizani na kukataa lolote lililozidi kilo 10, kwa kuwa mpagazi mmoja angebeba mabegi mawili. Mwenzetu mmoja alikuwa na kilo 14. Alipunguza akinung'unika: jozi ya tatu ya viatu, chupa kubwa za mafuta, vitabu. Njiani tuliona vijana wamebeba mizigo iliyowazidi kimo, wamevaa raba zilizotoboka, huku wenye mizigo wakitembea mikono mitupu wakipiga picha. Mgeni hawezi kusema hakujua. Begi ni lake na anajua uzito wake. Uliza kama wapagazi wana bima, wanalala wapi, wana makoti, kisha jioni ya kwanza uwatafute, ujue majina yao. Bakshishi ya mwisho mpe mtu mwenyewe mkononi, ukiwa umeshauriana na kiongozi kuhusu kiasi, usiache bahasha mezani.

Siku ya tano kichwa kilikuwa kimetulia na nilikula sahani mbili. Tukapanda na msaidizi hadi Kyanjin, mita 3,870, bistarai kweli kweli. Alasiri wenzangu wakashuka kutoka Tserko Ri, nyuso zimeungua kwa jua na furaha. Nilifurahi nao, na niliumia pia, sitadanganya. Tulikula jibini ya pale, kwenye kiwanda kidogo kilichoanzishwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Waswisi, na kesho yake asubuhi tukaanza kushuka wote.

Mwezi uliopita nilimwandikia dai kwamba nataka kurudi. Hakuniuliza nataka kilele gani. Aliniuliza nina siku ngapi. Nimemjibu kumi na mbili, na tiketi ya kurudi sijakata bado.